Uzi: Mashine ziko, kazi zinakwama. Tuongee ubora wa huduma kwa gridi zetu za kompyuta za Kisumu na Nakuru

Fundi_wa_Nyalenda

Wasee wa huku magharibi na nyinyi wa Nakuru, habari zenu. Nimefungua huu uzi juu nimechoka kuambiwa kila siku "mfumo wako ni pole pole, ongeza mashine". Ni mrefu, naomba mvumilie.

Natunza maabara ya kompyuta kwa chuo kimoja hapa Kisumu, jina tuliache. Kompyuta ni 46, kila moja ina prosesa ya viini vinne (kila kiini kinakimbiza kazi moja) na memori ya 8GB. Mchana ni za madarasa, saa tatu usiku mlango unafungwa na zinakaa bure mpaka saa moja asubuhi. Hiyo ni masaa kumi, viini 184, stima inalipwa na hakuna mtu anafaidika. Kwa hivyo tukaweka HTCondor, ile programu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison ambayo ilianza 1988 kwa shughuli hii hii ya kuwinda kompyuta zilizokaa bure. Halafu jamaa yangu Njoro254, yuko humu, ana zake 30 huko Nakuru, tukaunganisha, foleni yangu ikijaa kazi zinavuka kwake na zake zinavuka kuja kwangu. Gridi ndogo lakini ni gridi ya ukweli, wenye mali wawili, bajeti mbili, wakubwa wawili.

Sasa sikieni usiku tatu zilivyoenda.

Usiku wa kwanza, jamaa wa uchumi ametuma kazi 6,000. Kila moja inachukua dakika saba tu lakini kwa fomu ameandika masaa kumi, "kwa usalama". Na mimi nilikuwa nimeweka sheria kwamba kazi haianzi kama muda iliyoomba hauishi kabla ya saa moja asubuhi, juu sitaki mwalimu aingie darasani akute mashine imeshikwa. Saa tatu kamili kazi 184 zikaanza. Saa tatu na dakika saba zikaisha. Sasa imebaki masaa tisa na dakika 53, na kila kazi kwa foleni inadai kumi. Hakuna hata moja iliyoanza tena. Zile kazi hazikuvuka hata Nakuru, sheria ni ile ile. Nilikuja asubuhi nikakuta mashine zimekaa usiku mzima na feni zinazunguka tu, na foleni ina kazi 5,816. Huyo jamaa akaenda kwa ofisi kusema mashine ni chache.

Usiku wa pili akabadilisha akaandika dakika 15. Zote 6,000 zikaisha kwa masaa manne hivi. Mashine ni zile zile.

Usiku wa tatu ndio uliniumiza. Ijumaa saa tatu, mtu mwingine amejaza viini vyote 184 na simulesheni za masaa tisa tisa, hazina chekipointi, yaani haziandiki mahali zimefika. Saa tatu na dakika arobaini anaingia dada mmoja wa mastaz na picha 240 za satelaiti, anapima magugu maji kwa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, kila picha dakika arobaini, dedilaini ni Jumatatu. Hakuna kiini hata kimoja. Nikiua kazi za yule wa kwanza napoteza kazi yake yote, nikiacha huyu dada anangoja. Nikaacha. Saa kumi na moja alfajiri stima ikapotea. Kazi 184 zimekimbia masaa nane kila moja zikafa hivyo, masaa 1,472 ya viini yameenda na maji, na dada hajapata hata picha moja.

Hapo kuongeza mashine kungesaidia nini? Zikiwa mia mbili mtu atazijaza mia mbili. Nasema shida yetu ni ahadi: hatujawahi kuandika mahali tunaahidi nani nini. Nataka kusikia wengine mnafanyaje.

---

Nyakwar_Nam

Pole sana msee, hiyo ya stima imeniuma hata mimi. Lakini niulize swali ya kawaida tu, kwa nini msikodi seva za klaudi mkaachana na hizi kompyuta za maabara? Pia hili neno gridi nilikuwa nadhani lilikufa zamani.

---

Fundi_wa_Nyalenda

@Nyakwar_Nam klaudi inalipwa kwa dola na kadi, mwanafunzi wa mastaz atatoa wapi. Na gridi haijakufa bro. Data ya LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe ndogo za fizikia pale kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, mpaka leo inachambuliwa kwa gridi, vituo karibu 170 kwa nchi zaidi ya 40, na Afrika Kusini wako ndani. Jina lenyewe limetoka kwa gridi ya stima, kwamba unachomeka plagi na hujui umeme umetoka Olkaria ama Sondu.

Na tena 2002 Ian Foster, mmoja wa waliozaa hii kitu, aliandika vipimo vitatu vya kujua kama uko na gridi: rasilimali haziko chini ya bosi mmoja, mnatumia itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, za wazi zinazoeleweka na wote, na cha tatu ni kwamba unatoa ubora wa huduma ambao si wa mchezo. Soma hiyo ya tatu tena. Kwa huyo mzee ubora wa huduma uko ndani ya maana ya gridi yenyewe, ukiutoa umebaki na kompyuta zimeunganishwa na waya. Kwa klaudi bosi ni mmoja, ukilipa zaidi anakupa zaidi. Kwetu mimi siwezi kumwamuru Njoro254 kitu, naweza tu kupatana naye. Hapo ndipo ugumu uko.

---

Mama_Kinu_Kibuye

Mimi sijui mambo ya HTCondor lakini nimekulia kwa kinu cha kusaga cha mama yangu, na hii story naijua. Mtu analeta magunia sita ya mahindi, anafika wa kwanza, ni haki yake. Nyuma yake kuna watu kumi kila mtu na gorogoro moja, watoto wanangoja ugali nyumbani. Mama alikuwa anafanya hivi, wakati wanabadilisha gunia, lile la kwanza limeisha na la pili bado linafunguliwa kamba, anamwaga gorogoro moja ndani. Mwenye magunia hajacheleweshwa hata kidogo, na mwenye gorogoro ameenda. Lakini hiyo inawezekana tu kama unaona kwa macho gorogoro ni gorogoro. Mtu akificha gunia ndani ya ndoo akuambie ni kidogo, ameharibia wote.

---

Fundi_wa_Nyalenda

@Mama_Kinu_Kibuye asante sana mama, umeeleza vizuri kuliko kitabu chochote nimesoma. Hiyo ndio skedula, yaani programu ya kupanga foleni ya kazi, kama Slurm hufanya, inaona kazi kubwa inangoja viini mia na viini themanini viko tayari vimekaa, inaangalia nani ana kazi fupi ya kuingia hapo katikati na kutoka kabla ile kubwa haijaanza. Inaegemea kabisa muda ulioandikwa na mwenye kazi. Mtu akidanganya kwenda juu anajinyima nafasi mwenyewe kama yule wa uchumi. Akidanganya kwenda chini inabidi kazi yake iuliwe muda ukifika, bila huruma, la sivyo ile kubwa itachelewa kwa kosa lisilo lake.

---

Njoro254

Nilikuwa kimya lakini wacha niseme upande wa Nakuru.

Moja, Ijumaa hiyo kazi za Kisumu hazikuingia kwangu juu sisi tulikuwa na kazi zetu za ndani na mwenye mashine anatangulia. Hiyo nimeiandika kwa konfigi, yaani mipangilio ya mfumo, na siitoi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni kwangu anakaa vizuri lakini mwenyeji akirudi mgeni anapisha, napea kazi yake dakika 30 amalize ama ajiandikie chekipointi, halafu inatoka.

Mbili, hata kama ningekuwa na nafasi, hizo picha zingefikaje? Niliuliza huyo dada, faili moja ni kama 600MB. Mara 240 ni 144GB. Laini yetu ya usiku tunapata 20 Mbps kati yetu tukibahatika. Fanya hesabu, ni masaa kumi na sita kusafirisha peke yake, usiku wetu ni masaa kumi. Watu hufikiria ubora wa huduma ni viini na memori na kusahau barabara. Kwa gridi kazi ndio hufuata data, data haifuati kazi, isipokuwa data ni ndogo. Angekata ile picha abaki na ghuba peke yake kabla ya kutuma, anatupa sehemu kubwa ya faili. Nchi kavu yote mpaka milimani ya nini kama unapima magugu ya ziwa.

---

Waya_wa_Kakamega

Mimi ni mtu wa netiweki, @Njoro254 naongezea kidogo. Hata mkinunuliwa laini ya 100 Mbps kesho mnaweza kushangaa faili bado linatambaa. TCP, ile kanuni ya kusafirisha data kwa intaneti, inatuma kiasi fulani (kinaitwa dirisha) halafu inangoja jibu kabla ya kuendelea. Kiasi hicho kikiwa 64KB na jibu linachukua milisekunde 150 kwenda Ulaya na kurudi, kasi yako haiwezi kupita 3.5 Mbps, laini iwe pana namna gani. Ndio watu wa gridi walitengeneza GridFTP, njia ya kusafirisha faili, inafungua mikondo mingi sambamba kwa faili moja. Kwa hivyo kabla ya kulaumu mtu pimeni ule muda wa kwenda na kurudi, na muangalie ukubwa wa dirisha la TCP kwa seva.

Na wale wanasema tuweke alama za kipaumbele kwa paketi (vipande vya data vinavyosafiri), DiffServ, ni sawa na inafanya kazi, lakini ndani ya netiweki yako. Paketi ikishatoka kwenda intaneti ya kawaida hiyo alama hakuna anayelazimika kuiheshimu. Ukitaka iheshimiwe safari nzima lazima upatane na kila mtu njiani.

---

Mwalimu_Bondo

Ndugu Fundi, uzi mzuri. Swali langu ni la kipimo. Ukiahidi, utajuaje umetimiza? Wanafunzi wangu wakisema mfumo ni mbaya na wewe unasema ni mzuri, nani anaamua?

---

Fundi_wa_Nyalenda

@Mwalimu_Bondo swali zuri mwalimu, na nimelifikiria wiki nzima.

Wenzetu wa CERN wameandika mkataba, kuna vituo vya daraja la kwanza na la pili, na kituo cha daraja la pili kinatakiwa kupatikana asilimia 95 kwa wastani. Ukisikia 95 unaona ni kubwa, lakini piga hesabu, asilimia tano ya mwaka ni siku 18 na zaidi za kuwa chini. Hiyo ni ahadi ya watu wazima wanaojua mashine huharibika. Mimi ningeandika 99 ili nionekane mkali halafu stima inanivunjia ahadi mwezi wa kwanza.

Kitu cha pili nimejifunza kwao, hawangojei mtumiaji alalamike. Wanatuma vikazi vidogo vya majaribio kwa kila kituo mara kwa mara, kama mtu wa kawaida, na kuona kama vimekubaliwa, vimekimbia, na majibu yamerudi. Kwa hivyo na mimi nimeandika skripti, kila saa kamili usiku inatuma kazi ya dakika moja kwangu na kwa Njoro254, inaandika ilingoja dakika ngapi. Wiki ya kwanza tu nikagundua mashine mbili zinasema ziko tayari lakini diski imejaa, zinameza kazi na kuitapika, inarudi kwa foleni, inaenda tena kwa hiyo hiyo mashine juu ndiyo iko wazi kila wakati. Mashine moja mbovu inaweza kula foleni nzima hivyo. Kama ningengoja malalamiko ningeambiwa tu "mfumo ni pole pole".

---

Kisian_Msomaji

Na jibu likirudi lakini si la ukweli? Mnaongea kasi na foleni, mimi naogopa hiyo zaidi.

Kulikuwa na malariacontrol.net, ilikuwa inakimbia kwa BOINC, programu ya kukusanya nguvu za kompyuta za kujitolea, watu wa kawaida dunia nzima wanatoa kompyuta zao za nyumbani kuiga vile malaria husambaa na vile neti ama dawa zingepunguza. Sisi watu wa ziwa hiyo inatuhusu moja kwa moja, homa imetumaliza watoto. Sasa kama kompyuta ya mtu ina memori mbovu na inarudisha namba mbaya, hiyo namba inaingia kwa utafiti wa dawa. BOINC inaruhusu kazi moja itumwe kwa kompyuta mbili ama zaidi za watu tofauti na majibu yalinganishwe, yakipishana inatumwa kwa mwingine. Unalipa mara mbili lakini unalala. Kwangu mimi hiyo pia ni huduma.

---

Fundi_wa_Nyalenda

@Kisian_Msomaji nimekusikia na umenigusa. Mashine zangu 46 zina umri tofauti na zingine zimeshapigwa na stima mara nyingi. Siwezi kufanya kila kazi mara mbili, lakini naweza kuchukua kazi moja ambayo jibu lake nalijua na kuipitisha kwa kila mashine mara moja kwa wiki. Naanza wiki hii.

---

Mimi_wa_Magugu

Habari za jioni. Mimi ndiye yule dada wa picha 240. Nimeonyeshwa huu uzi na rafiki.

Kwanza nashukuru juu mmeongea bila kunilaumu. Na nimekata picha, kaka Njoro254 alikuwa sawa, sasa moja ni kama 40MB.

Nataka niseme kitu kimoja tu. Ile Ijumaa sikuumia juu ya kungoja. Nililala pale kwa chumba, laptopu kwa kitanda, kila nikiamka naangalia, imeandika tu "inangoja". Saa tano inangoja, saa saba inangoja, saa tisa inangoja. Kama mfumo ungeniambia saa nne usiku kwamba hakuna nafasi mpaka asubuhi, ningebeba diski nikaenda kwa binamu yangu Kondele ana kompyuta nzuri, ningefanya hata picha sitini za sehemu ya Dunga na Homa Bay nipeleke kwa supavaiza kitu. Nilienda Jumatatu mikono mitupu kwa sababu neno "inangoja" lilinipa matumaini.

---

Fundi_wa_Nyalenda

Dada, pole. Nimesoma hii post yako mara tatu. Nilikuwa nahesabu viini na masaa na sikuwahi kufikiria kwamba kunyamaza kwangu ndiko kulikukosesha ile siku.

Nimekaa na konfigi tangu jana na Njoro254 tumeongea kwa simu mpaka saa sita. Hii ndio tumekubaliana, naiweka hapa ili mtushike nayo.

Mashine sita kati ya 46, viini 24, ni za kazi zinazosema zitaisha ndani ya saa moja, hakuna mwingine anaingia hapo hata kama zimekaa bure. Najua itaniuma kuziona zimekaa bure na foleni ya kazi ndefu imejaa, lakini nimepiga hesabu ya ile Ijumaa, hivyo viini 24 vingemaliza picha zako zote 240 kwa masaa sita na dakika arobaini, ungemaliza saa kumi na dakika ishirini alfajiri, kabla stima kupotea. Anayesema saa moja na hajamaliza, dakika ya 75 kazi inauliwa.

Kazi ya zaidi ya masaa mawili lazima iwe na chekipointi kila dakika 20, na inaandikwa kwa seva yenye UPS (betri ya kushika stima ikipotea), si kwa diski ya mashine hiyo hiyo. Yule ndugu wa simulesheni nimekaa naye na tumemuandikia. Stima ikipotea sasa, kwa viini vyote 184 tunapoteza masaa kama 61 badala ya 1,472. Na kwa kuwa kazi yake inaweza kusimama na kuendelea, naweza kuitoa kwa mashine bila dhambi mtu mwingine akihitaji. Hiyo ndio sikuwa nayo Ijumaa.

Mgao unaenda kwa deni. HTCondor inakumbuka nani ametumia ngapi, na hiyo kumbukumbu inapungua nusu kila siku moja. Aliyejaza jana anangoja leo kidogo, na haadhibiwi mwezi mzima.

Na hii ya mwisho tumeiongeza juu yako. Nusu saa baada ya kutuma, kama kazi bado haijaanza, unapata meseji kwa simu: uko nyuma ya kazi ngapi, na kama tunaona kuna nafasi usiku huu ama hakuna. Kama hakuna inasema hakuna. Makadirio yatakosea wakati mwingine, hiyo naijua, lakini neno "inangoja" peke yake halitatoka tena kwa mfumo wangu.

---

Nyakwar_Nam

Hizo meseji nani analipa?

---

Fundi_wa_Nyalenda

@Nyakwar_Nam kwa sasa mimi. Ni chache, kazi nyingi zinaanza kabla ya nusu saa kuisha. Tukifika nyingi nitaenda ofisini na namba mkononi.

---

Mwalimu_Bondo

Ndugu, sisi huku tuna kompyuta 20 zinazolala pia. Mkitupea huo mkataba wenu kwa karatasi nitaupeleka kwa mkuu wa idara. Yeye swali lake la kwanza litakuwa kama mwenye mashine bado anatangulia.

---

Njoro254

@Mwalimu_Bondo anatangulia, iko mstari wa kwanza. Nitakutumia.

@Mimi_wa_Magugu tuma picha kumi leo kwanza, na uandike dakika arobaini, usiandike masaa kumi. Upande wangu mashine nane ziko wazi kuanzia saa tatu na dakika tano na niko macho.

---

Mimi_wa_Magugu

Nimetuma kumi. Meseji haijakuja, naona tano zimeanza Kisumu na tano ziko Nakuru.